Kabla ya Msumeno Kugusa Ubao

Mtu akiingia karakana ya seremala, macho humkimbilia kwenye msumeno wa meza. Una kelele, unarusha vumbi, na ubao wa mninga unapita humo ukatoka vipande viwili kabla mgeni hajamaliza salamu. Vijana wanaokuja kujifunza nao huomba waanzie hapo. Mashine hizo nimezitumia miaka mingi na sizibezi. Lakini nikiitazama kazi moja, tuseme kabati, kuanzia mbao zinapoingia hadi linapotoka, kukata kwenyewe ni saa chache tu. Kinachokula siku ni kuchagua mbao, kuzigeuzageuza, kunoa, kupima na kuchora mistari. Na kabati likija kuharibika, ukifuatilia chanzo mara nyingi utakuta liliharibikia huko, msumeno ukiwa bado umezimwa.

Fundi aliyenilea kwenye kazi hii hakuwa mtu wa maelezo. Aliniweka mbele ya jiwe la kunolea, akanipa patasi kuukuu, akasema, "Ikikata kichwa cha msonobari bila kukwaruza, niite." Kisha akaenda zake.

Kichwa cha ubao, yaani pale mti ulipokatwa kukingama, ni mtihani mgumu kuliko unavyosikika. Msonobari ni laini, na ulaini huo ndio unaoumbua patasi butu. Nyuzi hazikatiki, zinabonyea, zinang'oka, na uso unabaki na vishimo na rangi ya ukungu. Patasi kali inaacha uso laini unaong'aa hata kabla ya vanishi, na pete za mti zinaonekana moja moja.

Wengi wakinoa hushughulika na upande mmoja tu, ule wenye mteremko. Makali ni mahali pande mbili zinapokutana, kwa hiyo mgongo wa patasi nao lazima uwe bapa na laini, walau sentimita mbili tatu za mwanzo. Patasi mpya toka dukani huja na mikwaruzo ya kiwandani mgongoni. Ukiiacha, utanoa mteremko mpaka uchoke na makali yatabaki na meno madogo usiyoyaona. Mgongo husawazishwa mara moja tu katika maisha ya patasi, kisha unabaki kuufuta kidogo kila unaponoa.

Mteremko wenyewe, kwa patasi ya kazi za kawaida, huwa digrii 25 kwenye jiwe la kusaga, halafu makali ya mwisho yanamaliziwa kwenye digrii 30. Hiyo tofauti ndogo ina faida: unanoa ukanda mwembamba wa mbele tu, badala ya kusugua mteremko mzima kila mara. Unaendelea mpaka usikie kwa kidole, mgongoni, kijiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja. Hicho ndicho kinachokuambia kwamba jiwe limefika ukingoni kabisa. Kabla hakijatokea, hujanoa. Kikitokea, unageuza patasi, unalaza mgongo bapa juu ya jiwe, unakifuta taratibu.

Namna nyingine ya kujua ni kuyaelekeza makali kwenye mwanga. Makali butu yanarudisha mwanga, unaona mstari mweupe mwembamba au vidoa vyeupe. Makali yaliyonoleka hayaonekani. Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyokagua vifaa vya vijana: sigusi, nasogea dirishani.

Jiwe la umeme la kusagia linataka tahadhari. Chuma kikipata moto hadi kugeuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha pale palipogeuka, na utanoa leo na kesho makali yatakuwa yamelala. Maji yawe pembeni, uchovye mara kwa mara, usisubiri vidole viungue ndipo ukumbuke.

Misumeno ina hesabu yake. Msumeno wa kupasua ubao kwa urefu wake una meno yaliyochongwa kama vipatasi, yanachota nyuzi kwa kuzifuata. Msumeno wa kukata kukingama una meno yenye ncha za kisu, kila moja linakata nyuzi kabla ya kuziondoa. Ukipasua kwa msumeno wa kukatia utafika, ila utafika jioni. Aina zote mbili meno yake yamepindwa kidogo, moja kushoto moja kulia, ili njia iwe pana kuliko bapa la msumeno na bapa lisibanwe. Msumeno ukianza kuvutia upande mmoja, mara nyingi meno ya upande huo yamepindwa zaidi au ni makali zaidi ya wenzake. Tupa ya pembetatu na subira vinarekebisha hilo. Misumeno mingi ya siku hizi, yenye ncha za meno zilizochomwa zikawa nyeusinyeusi, haikubali tupa. Ikiisha makali unanunua mwingine. Sipendi, lakini ndivyo ilivyo.

Nilipoitwa hatimaye kwenye mbao, nilidhani sasa tutakata. Tukaanza kusoma.

Ubao unasomwa kwanza kichwani. Pale unaona pete za miaka na unajua ulitoka sehemu gani ya gogo: pete zilizosimama wima, ubao umepasuliwa kuelekea moyo wa mti, pete zilizolala kama upinde, umepasuliwa pembeni. Tofauti hiyo si ya urembo. Mti unapokauka husinyaa kwa kufuata pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyo, na kwa urefu wake hausinyai ila kiasi kidogo mno. Ndiyo maana ubao wenye pete zilizolala unajikunja kingo ukikauka, siku zote uso uliokuwa upande wa gamba ukiwa ndio wenye bonde. Ubao wenye pete wima unatulia. Ukiwa na mbao chache za namna hiyo, ziweke kwa ajili ya milango na miguu ya meza, usizimalizie kwenye migongo ya makabati ambako hakuna atakayezithamini.

Kisha unaunyanyua, unafumba jicho moja, unautazama kwa urefu kutokea mwisho. Hapo mpindo unajitoa wenyewe. Kinachojificha ni msokoto, pale pembe moja ya ubao inapokuwa juu ya nyingine tatu. Unachukua fito mbili zilizonyooka, unaweka moja kila mwisho wa ubao, unainama utazame juu ya ya kwanza kuelekea ya pili. Zikilingana, ubao umetulia. Zikipishana, umeona kwa macho kiasi cha kuranda, na wakati mwingine unaona kwamba ukiranda hadi ulingane utabaki na ubao mwembamba usiofaa. Bora ujue hapo kuliko baada ya kazi ya nusu siku.

Mwelekeo wa nyuzi ndio randa inautaka. Pitisha kiganja juu ya samaki mwenye magamba, kichwa kuelekea mkia, ni laini. Rudi kinyume, yanakukwaruza. Ubao una tabia hiyo. Utazame ubavuni: nyuzi zikiwa zinapanda kuelekea mbele, sukuma randa kwenda huko. Ukienda kinyume, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuzinyanyua, unabaki na mashimo ambayo msasa hauyafuti. Kuna mbao, mninga na mvule zimo, ambazo nyuzi zake hubadilisha mwelekeo ndani ya ubao huohuo. Hapo unanoa kisu upya, unakitoa kwa unyoya tu, na kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya kisu unakisogeza karibu sana na makali, chini ya milimita moja. Kinayakunja maranda mapema kabla hayajapata nafasi ya kung'oa. Nimeona mafundi wazuri wanaoamini ni kifuniko tu.

Halafu maji. Katika yote niliyojifunza, hili ndilo lililobadilisha kazi yangu.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Ya kwanza kutoka ni yale yaliyo wazi ndani ya vijishimo vyake, na yakitoka mti unapungua uzito bila kubadilika umbo. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, maji yanaanza kutoka kwenye kuta zenyewe za nyuzi, na hapo ndipo ubao unaanza kusinyaa, kujikunja na kupasuka. Kwa mbao ngumu zinazokaushwa kwa hewa, mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ni makadirio tu, hali ya hewa na aina ya mti vinabadilisha, lakini yanasaidia kumjibu mteja anayetaka kitanda wiki ijayo kwa mbao zilizopasuliwa wiki iliyopita.

Kukauka nako hakumalizi mambo. Ubao mkavu unaendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa, msimu baada ya msimu, miaka yote. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kutanuka na kusinyaa kwa milimita kadhaa, kwa baadhi ya miti hata karibu sentimita moja, kati ya msimu mkavu na wa mvua. Msaji unasifiwa kwa sababu hucheza kidogo kuliko miti mingi. Vanishi inapunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, haiuzuii.

Mteja mmoja aliniletea meza iliyotengenezwa kwingine. Uso ulikuwa umepasuka katikati, ufa unaoweza kupitisha ukucha.

"Fundi, nimeuziwa mbao mbovu," akasema.

"Mbao nzima kabisa, mzee. Geuza uone chini."

Tukaigeuza. Uso ulikuwa umegundishwa kwenye fremu pande zote nne, na juu ya gundi zikapigwa skrubu kila kiganja kimoja. Aliyeitengeneza alikuwa na bidii, hilo huwezi kumnyima. Msimu wa ukavu ulipofika, uso ulitaka kusinyaa, fremu ikaukatalia, ukajipasulia nafasi. Dawa yake haikuwa ngumu: kuutoa, kuunganisha ufa, kisha kuufunga upya kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu badala ya ya duara, ili uso uweze kusogea huku umeshikwa. Gundi kwenye fremu hakuna.

Milango ya paneli inafuata kanuni hiyohiyo. Paneli inakaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, ikiachiwa nafasi ya kucheza. Na ipake rangi au vanishi kabla ya kuifunga. Ukipaka baada ya kufunga, paneli ikisinyaa itachungulia mstari mweupe usiopakwa kando ya fremu, mteja atadhani umelipua kazi. Plaiwudi haina usumbufu huu kwa sababu tabaka zake zimepangwa zikikatana, kila moja inamzuia jirani yake. Ndiyo maana inafaa migongo ya makabati na chini ya droo. Ila ukipiga skrubu ubavuni mwake usitegemee itashika kwa nguvu.

Kwenye vipimo nina msimamo ambao wenzangu wengine huuona wa kizee: kadiri unavyosoma namba mara chache, ndivyo kazi inavyokaa sawa. Kwa kabati lenye rafu, nachukua fito moja iliyonyooka, naichora alama za kila rafu, kila droo, juu na chini. Kisha fito hiyo ndiyo inayohamia kila ubavu. Hakuna kusoma sentimita 37.4 upande huu na kuisoma 34.7 upande ule. Namba inasahaulika njiani kutoka ubao hadi msumeno, fito haisahau.

Tepu ya kupimia nayo ina siri inayowasumbua wanaoanza. Ile ndoano ya mwisho inalegea, na kijana mwenye bidii huigonga kwa nyundo ikaze. Aiache. Imelegezwa makusudi kwa kiasi cha unene wake yenyewe: ukiivuta kwenye ukingo inasogea nje, ukiisukuma ukutani inarudi ndani, na vipimo vyote viwili vinakuwa sahihi. Na kazi moja ifanywe kwa tepu moja mwanzo hadi mwisho, maana ndoano zilizopindika hazilingani.

Kila kipande kinapewa uso mmoja na ubavu mmoja ulionyooshwa vizuri, vikawekwa alama ya penseli, na skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, haiegemei kwingine kokote. Mstari wa kiungo nauchora kwa kisu, kwa sababu kisu kinakata nyuzi za juu na patasi inapata mahali pa kukaa. Penseli inaacha mstari wenye unene, na hujui ukate upande gani wa unene huo. Nusu inayotupwa inachorwa msalaba, na msumeno unapita upande wa msalaba. Msumeno wa meza unakula karibu milimita tatu kila unapopita. Mipasuo minne ni milimita 12, na kipande cha mwisho ndicho kinacholipa deni.

Skwea nayo ikaguliwe, hata mpya. Chora mstari ukiiegemeza kwenye ukingo ulionyooka, igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, skwea inakudanganya. Kwa kazi kubwa isiyofikiwa na skwea, pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Mshazari ukiwa 100 kamili, pembe ni mraba. Fremu iliyofungwa tayari unapima mshazari kwa mshazari, vikilingana umemaliza.

Viungo ni somo refu, nitasema kimoja. Kile cha ulimi na tundu, ambapo mwisho wa kipande kimoja unachongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la kingine, kimekuwepo muda mrefu kuliko msumeno wa chuma: karibu na Leipzig, Ujerumani, vimechimbuliwa visima vya wakulima wa zaidi ya miaka 7000 iliyopita, mbao zake za mwaloni zikiwa zimeunganishwa kwa viungo vya aina hiyo, vilivyochongwa kwa mawe na mifupa. Kinadumu kwa sababu gundi inapata nyuso pana za nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ambazo ndizo zinazoshika. Kichwa cha ubao kinainywa gundi na kuachia. Unene wa ulimi unaufanya theluthi ya unene wa ubao, ili kuta za tundu zibaki na nguvu. Chonga tundu kwanza, kisha ulimi uufuate, maana kupunguza ulimi ni rahisi kuliko kupunguza tundu. Uingie kwa kusukuma na kugongwa kidogo. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu utapasua. Ukidondoka wenyewe, gundi haitakuokoa.

Kabla ya gundi, funga kila kitu kikavu, na vibanio vyake, mpaka mwisho. Utajua kibanio gani kifupi na kipi kinagusa mahali pabaya, wakati bado una muda. Gundi nyeupe ya mbao ikishapakwa inakupa dakika chache tu. Inayomwagika pembeni usiisugue kwa kitambaa kilicholowa; inaingia kwenye vijitundu vya ubao, na siku ya kupaka rangi inatokea doa. Isubiri igande kama mpira, uikwangue kwa patasi.

Misumari naipitia haraka. Karibu na mwisho wa ubao, igonge ncha kidogo iwe butu kabla ya kuipigilia: ncha kali inatenganisha nyuzi na kupasua, ncha butu inazikata na kupita. Skrubu kwenye mbao ngumu itobolewe njia kwanza, na ipakwe sabuni.

Kuhusu mashine, glavu na mikono mirefu ya shati havikai karibu na kinachozunguka, na husimami nyuma kabisa ya ubao unaopasuliwa, maana ukibanwa na msumeno unarudishwa kwako kwa kasi usiyoweza kukwepa. Vumbi ni adui wa kimyakimya. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na bado naona mafundi wakijifunga kitambaa puani wakidhani kinatosha. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye pipa. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke.

Vijana huniuliza wanunue nini kwanza. Patasi tatu au nne za chuma kizuri badala ya seti ya kumi na mbili, jiwe la kunolea lenye pande mbili, skwea, kisu cha kuchorea, msumeno mmoja wa kukata, na randa. Randa nawashauri watafute iliyotumika. Muundo wa randa ya chuma tunayoitumia ulitoka kwa Leonard Bailey wa Marekani, kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869, na haujabadilika sana, kwa hiyo vipuri vya kuukuu vinapatikana na mara nyingi vinaingiliana. Kutu inatoka, mpini wa mti unachongwa mwingine, kisu kinanunuliwa. Unachokagua ni mdomo wake, pale kisu kinapotokeza chini: pitisha ukucha kwenye pembe zote mbili, na ukihisi ufa kwenye chuma, mrudishie mwenyewe.